Bi Digidigi na Siku Arobaini za Maji

Paukwa.

Pakawa.

Mmeitika kivivu. Paukwa tena.

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa na meli, na ndani ya meli pakawa na chumba, na ndani ya chumba pakawa na vitanda viwili na mlalaji mmoja.

Haya, tulieni. Leo nimeulizwa na mmoja wenu, simtaji, kama safari ndefu ya meli inafurahisha, ile ya kukaa majini siku nyingi bila kuona hata jiwe. Mimi mwenyewe sijapanda chombo kinachozidi kivuko, na kwenye kivuko chenyewe nilifumba macho. Lakini namjua aliyekwenda, naye ni Bi Digidigi. Jibu mtalipata kwake.

Bi Digidigi mnamfahamu. Kamnyama kadogo, miguu kama vijiti vya mishikaki, pua haitulii. Digidigi huishi wawiliwawili, mke na mume, mpaka kufa. Wakila wanakula wawili. Wakikimbia wanakimbia wawili. Wakigombana wanagombana wawili, maana wa tatu hayupo. Basi mume wa Bi Digidigi alikufa wakati wa masika, na Bi Digidigi akabaki anatembea upande mmoja wa njia, upande wa pili kauacha wazi.

Alikuwa na watoto wawili wakubwa, Shambi na dada yake Mwatumu. Walimpenda mama yao, hilo lisemwe. Lakini walichoka kumkuta kila asubuhi kakaa kichakani, anatazama pale alipokuwa akilala baba yao. Wakafanya kikao. Wakakubaliana kwamba mama anahitaji kupumzika, mama abadilishe hewa. Wakamtafutia nafasi kwenye meli ya kutembeza wanyama, jina lake Raha Tele, siku arobaini baharini. Mama akasema ahsanteni wanangu. Alitaka kusema na jambo jingine, lakini begi lilikuwa limeshafungwa.

Akapanda ngazi, ti, ti, ti. Meli ikanguruma, ngrrr, ikaondoka.

Siku ya kwanza Bi Digidigi akatoka nje akatazama. Mbele maji. Nyuma maji. Kulia maji. Kushoto, msiniulize. Siku ya pili akatoka akatazama tena. Mbele maji. Nyuma maji. Kulia maji. Kushoto, msiniulize. Siku ya tatu akatoka, akakumbuka, akarudi ndani.

Msidhani meli ilikuwa mbaya. Kulikuwa na muziki. Kulikuwa na bwawa la kuogelea huko juu, maji juu ya maji. Kulikuwa na mwalimu wa kufundisha dansi, ila ilikuwa ya kucheza wawiliwawili. Wenzake walikuja na waume zao, na wake zao, na mashoga zao. Kila mmoja alimsalimu vizuri na kila mmoja alipita. Chumbani mlikuwa na vitanda viwili, na kila asubuhi Bi Digidigi alitandika vyote viwili. Alikuwa mpweke, nasema wazi. Alikuwa mpweke hadi akawa anauaga mlango akitoka.

Sasa, ndani ya meli hiyo alikuwamo Kiboko.

Kiboko huyo alikuwa Kiboko kwelikweli. Akiingia bwawani, chubwi, maji yote yanamwagika, wenzake wanabaki wamekaa pakavu. Akipita ndani, ndi, ndi, ndi, watu wanajibana ukutani. Na chakula chake alikimaliza kabla mhudumu hajageuka. Akishamaliza anaanza kuzunguka ukumbini, anasimama kwenye meza za watu, anatazama.

Na kwao Bi Digidigi, kama kwetu hapa, huwezi kupeleka chakula mdomoni mtu kasimama anakutazama. Sharti useme karibu. Na yule aliyesimama, kama kalelewa, anasema ahsante, starehe, anakwenda zake. Karibu ni ya kwako, ahsante ni ya kwake, na chakula kinabaki chako. Hata mtoto anajua. Kiboko alijua nusu ya kwanza tu.

Siku ile ya kwanza alisimama mbele ya meza ya Bi Digidigi, akatazama.

Bi Digidigi akasema karibu.

Kiboko akavuta kiti cha pili, kiti kikalia kwaaa, akakaa. Kafu, kafu, kafu. Mchicha umekwenda. Kafu, kafu, kafu. Matembele yamekwenda. Kafu. Tikiti limekwenda na maganda yake. Bi Digidigi alibaki na jani moja la giligilani, na hilo lilisalia kwa sababu lilikuwa chini ya sahani.

Siku ya pili Kiboko akasimama, akatazama. Karibu. Kwaaa. Kafu, kafu, kafu. Siku ya tatu akasimama, akatazama. Karibu. Kwaaa. Kafu, kafu, kafu. Ilipofika siku ya saba mbavu za Bi Digidigi ungeweza kuzihesabu ukiwa umesimama mlangoni.

Mtaniuliza kwa nini hakuhama meza. Nami nitawajibu, ingawa jibu halipendezi. Kiboko ndiye kiumbe pekee aliyekaa kwenye kile kiti cha pili. Akiwa anatafuna, Bi Digidigi alipata wa kumwambia neno. Alimsimulia habari za marehemu, alivyokuwa akipiga mluzi puani akishtuka, alivyokuwa akimwachia majani laini yeye akala yale makavu. Kiboko alisikiliza, au alitafuna, ni vigumu kujua. Siku moja Bi Digidigi alieleza jinsi mumewe alivyolala asubuhi ile asiamke. Alipofika mwisho akangoja.

"Hiyo karoti huli?" akauliza Kiboko.

Akampa karoti.

Siku ya kumi na moja nahodha aliwakusanya abiria wote. Nahodha alikuwa Mwari, ndege mwenye mfuko chini ya mdomo, akizungumza maneno yanakaa mfukoni kwanza ndipo yatoke. Akasema kesho asubuhi watafika kwenye kisiwa, na kitakuwa kisiwa hicho kimoja tu. Meli haiwezi kusogea kwa sababu ya miamba, kwa hiyo mashua itapeleka watu. Anayetaka kushuka achukue kibao cha mti. Mwenye kibao anashuka, asiye na kibao habanduki melini. Na kama kuna aliyechoka na safari, abaki huko kisiwani, keshokutwa itapita meli ya mizigo inayorudi nyumbani. Baada ya kisiwa ni siku ishirini na nane za maji matupu.

Bi Digidigi akahesabu. Ishirini na nane mbele maji, ishirini na nane nyuma maji. Akajua moyoni kwamba hatazimaliza. Hakusema atakufa, maana digidigi hawapendi makubwa, lakini alijua. Akawa wa kwanza kuchukua kibao.

Akaenda kula nacho. Kwa furaha akakiweka mezani kando ya sahani, apate kukitazama. Ndi, ndi, ndi, Kiboko akaja, akasimama, akatazama. Na Bi Digidigi, kwa mazoea, akasema karibu.

Kafu, kafu, kafu. Sahani nyeupe. Kiboko akanyoosha mdomo, akakichukua na kibao, akakisukumia shavuni.

Bi Digidigi akasema hicho si chakula, hicho ndicho cha kushukia.

"Umenikaribisha mezani," akasema Kiboko, "nacho kilikuwa mezani. Nasikia huko kuna majani mabichi mpaka magotini. Wewe mdogo, utashuka mwaka mwingine."

Bi Digidigi akakimbia kwa nahodha, ti, ti, ti, akaeleza yote. Mwari akayaweka maneno mfukoni, akayazungusha, akasema vibao vimekwisha, na mwenye kibao ni yule aliye nacho. Mambo ya mezani hayamhusu, yake ni ya majini.

Akatoka hapo machozi yanamlengalenga. Akapita karibu na jikoni. Mlango ulikuwa wazi, akawaona wapishi wanacheka, na kila mpishi amening'iniza kibao kwenye aproni yake. Nao walikuwa hawajakanyaga udongo siku kumi na moja. Bi Digidigi akasimama. Machozi yakakauka. Pua ikaanza kucheza.

Akaosha uso, akarudi ukumbini. Kiboko bado alikuwa palepale, shavu moja limevimba.

"Bwana Kiboko," akasema Bi Digidigi, "nimekuja kukushukuru."

"Kwa lipi?"

"Kwa kunichukulia kibao. Karibu nifanye ujinga."

Kisha akaketi na kumweleza taratibu. Kesho watu wote watakuwa kisiwani, sivyo? Lakini orodha ya jikoni haibadiliki. Chakula cha meli nzima kipo palepale, na ukumbini atakuwamo mmoja tu. Mchicha wa meli nzima. Matembele ya meli nzima. Matikiti, hata haisemeki. Tena huko kisiwani majani yana chumvi na kuna jua. Yeye mdogo kama alivyo atakaa hapa, atakula kidogokidogo, na hatapita mtu wa kukaribishwa.

Kiboko akaacha kutafuna. Kichwani mwake kitu kikaanza kuzunguka, kru, kru, kru.

"Nitabaki mimi," akasema. "Shika kibao chako."

Bi Digidigi akakataa. Akasema zawadi hairudishwi. Kiboko akakitema kibao mezani, kimelowa, akakisukuma. Bi Digidigi akakirudisha kwa kwato moja. Kiboko akakisukuma. Bi Digidigi akakirudisha. Akamwomba amhurumie mjane, asimnyime siku moja ya kushiba. Kiboko akainuka, meza ikainuka naye.

"Kesho utashuka," akasema, "usiposhuka nitakukalia."

Bi Digidigi akainamisha kichwa kwa huzuni nyingi, akachukua kibao, akaenda chumbani kufunga begi. Na kesho yake, asubuhi ya mwisho melini, kitanda cha pili hakukitandika.

Mashua ikaja. Wakashuka abiria, wakashuka wapishi, akashuka Bi Digidigi, ti, ti, ti, mpaka mchangani. Alipokanyaga udongo akauinamia, akaunusa. Juu ya meli Kiboko aliingia ukumbini, ndi, ndi, ndi, akakaa. Akangoja. Akagonga meza. Akaenda jikoni akakuta mlango umefungwa kwa kufuli na tangazo limebandikwa: Tumeshuka, tutarudi jioni. Siku hiyo Kiboko alikula kitambaa cha meza.

Jioni wapishi walirudi, abiria wakarudi, meli ikanguruma, ngrrr, ikaenda. Bi Digidigi alibaki ufukweni anaitazama mpaka ikawa kitone. Mnadhani alicheka? Alicheka kidogo. Halafu akakumbuka kwamba kati ya wote waliomo mle ndani, aliyekuwa akijua jina la mumewe ni Kiboko peke yake. Akaacha kucheka.

Meli ya mizigo ikapita, akarudi nyumbani. Shambi na Mwatumu wakamkimbilia. Wakauliza mbona mama amewahi, akajibu raha ilimtosha mapema. Wakauliza safari ilikuwaje. Na watoto wakikupeleka mahali kwa mapenzi yao huwezi kuwaambia ilikuwa mbaya. Akasema nzuri sana wanangu, tulikula, tuliogelea, tulizungumza.

Shambi akafurahi hadi masikio yakasimama. "Nilijua," akasema. "Mwakani kuna ya siku themanini, haisimami popote. Tumeshakuwekea nafasi, mama."

Mnaona? Aliyemshinda Kiboko kashikwa na neno lake mwenyewe. Bi Digidigi pua ikaanza kucheza. Hila zilimjia tatu kwa pamoja. Angeweza kujifanya amevunjika mguu. Angeweza kusema meli imezama. Angeweza kuwafanya wao ndio watake kwenda, wakamlazimisha abaki. Akawatazama watoto wake, pua ikatulia.

"Sikupumzika," akasema. "Siku kumi na mbili hakuna aliyeniita mama. Nilimpa Kiboko chakula changu ili nipate wa kumsimulia habari za baba yenu. Msinipeleke tena. Mkiniona nimekaa kichakani natazama, njooni mkae."

Mwatumu akamshika mama yake bega, wakaenda wote watatu mpaka pale alipokuwa akilala baba. Mwatumu akasema hata yeye alikuwa anaogopa kupatazama, ndiyo maana alitaka mama aende. Shambi akasema na yeye pia. Wakakaa, na mama akaanza kuwasimulia, na hakuna aliyemuuliza habari za karoti.

Hadithi niliiokota hapa, naiweka hapa. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu nirudishieni nimpelekee mwingine.

Na funzo lake ni hili, yule aliyeniuliza asikilize vizuri. Safari ndefu za meli zinafurahisha mno. Maji ni mengi, chakula ni kingi, na hakuna anayekusumbua. Kwa hiyo mkimpenda mama yenu, mpelekeni mbali, tena kwa siku nyingi. Na akirudi akawaambia ilikuwa nzuri, mwaminini.