Mche wa Kwenye Kopo la Maziwa

Hapo zamani, wakati ukungu wa Usambara ulikuwa mzito kiasi cha kutundikia koti, na anayebisha akapande mwenyewe akaujaribu, palikuwa na bustani ya mimea yenye mti mmoja mpweke. Kila masika mti ule ulitoa maua meupe, wala haukuzaa. Mtunzaji wake, Shemboza, aliulea kama mwana: akaupalilia, akaufukuzia mchwa, asubuhi akaupa pole.

Akaja mtaalamu wa mimea, Dakta Eliaichi. Akaliweka ua chini ya kioo chake, akasema mti huo ni dume, na jike lake ni mti mwingine, unaosimama mahali pengine. Akalitafuta jike msitu kwa msitu mpaka viatu vikaisha soli. Hakuliona.

Shemboza naye alikuwa na utafutaji wake. Alimpenda Mwanaidi, mjane wa kijiji cha bondeni. Kuchuma ua bustanini ni kufukuzwa kazi. Shemboza akachuma maua ya mti wake ule, akayaficha kofiani, akampelekea shada. Lakini kijijini kwao mjane haingizi ndani maua ya mwanamume asiyeleta posa, na kuyatupa Mwanaidi hakuwa na moyo huo. Akayatundika kwenye mti wa uani, uliofunika kaburi la mama yake. Nao ulikuwa umechanua vimaua vyake. Nyuki wakafanya kazi yao. Mti huo wa uani, ambao haukuwahi kuzaa, kumbe ndio jike lililotafutwa: ukazaa tunda moja, lenye kokwa moja.

Kisha upepo ukauangusha mti huo.

Mwanaidi akalichukua tunda, akalipeleka bustanini huku analia. Dakta akaikwaruza kokwa ngumu kwa tupa ya kucha, akailoweka, akailaza kwenye udongo ndani ya kopo la maziwa. Ikachipua.

Siku ya kuupanda mche, watatu hao walikutana langoni. Kopo alilishika Shemboza.

"Utakaa hapa ndani ya uzio," Dakta akasema. "Huko uani kuna mbuzi, na mche kama huu hatuna mwingine. Bila tupa yangu ungekuwa kokoto mpaka leo."

"Mbuzi nitawafunga, Daktari," Mwanaidi akasema. "Kaburi la mama linachomwa na jua. Huyu ni mtoto wa mti wake. Mtoto wa mti wa mama nimwache kwa watu?"

Shemboza akalitazama kopo. Kwa miezi alikuwa ameupangia mche ule safari: ashuke nao bondeni, uwe posa yake. Lakini mtu hamposi mwanamke kwa kitu cha mwanamke mwenyewe. Na akitaka kusema mche ni wake, lazima aseme ameupataje.

Akalikumbatia kopo.

"Maua niliyachuma mimi, Daktari. Baba wa mche huu nimemlea mimi, na harusi yake nimeibeba mimi mwenyewe kwenye kofia. Nifukuze ukitaka. Lakini leo nisishuke bondeni mikono mitupu."

Dakta akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakumfukuza. Mwanaidi akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga, macho yake yakacheka yenyewe.

Kisha wote wawili wakanyoosha mikono kulielekea kopo, na Shemboza hakuliachia.

Haya, ninyi mnaoguna hapo nyuma, nisaidieni, maana kopo bado liko hewani na majani mawili yanatetemeka: aliyeiamsha mbegu, mwenye kaburi lisilo kivuli, au mwizi wa maua. Je, nani alistahili mche?