Ringi ya Kumi na Mbili

Hapo zamani, siku zile mapazia ya ringi yalipoanza kuingia Muheza, mtu wa kwanza kumpasha Mwanamvua habari zake alikuwa wifi yake, Sikujua.

"Wifi, wewe bado unatundika kanga kwenye kamba? Siku hizi pazia lina matundu juu, kila tundu na ringi yake ya chuma. Unalipitisha kwenye bomba, unalivuta kwa kidole. Shwaa!"

Mwanamvua alicheka kwa aibu. Alikuwa na binti mchanga wa siku thelathini, na shida yake ilikuwa dirisha. Nje ya dirisha palikuwa na benchi la wacheza drafti. Kanga yake ililegea katikati, na kila alipokaa kunyonyesha, wazee wale walimsalimia.

"Mzazi, hujambo? Leo anavuta vizuri!"

Basi alinyonyesha akiwa ameuelekea ukuta, mpaka shingo ikamkakamaa. Alitaka jambo moja tu: amnyonyeshe mwanawe bila kusalimiwa.

Sikujua akaenda kwake, akarudi na kitambaa cha kijani alichokiweka kwa ajili ya sebule yake mwenyewe. Akakipeleka kwa fundi Kombo. "Tia ringi kumi na moja. Nimepima mwenyewe."

Fundi Kombo alijua kuwa ringi hazitiwi witiri, yaani idadi isiyogawanyika kwa mbili. Zikiwa witiri, ukingo mmoja wa pazia hugeukia ukutani, na wa pili hugeukia chumbani. Lakini kubishana na Sikujua ni kazi ya siku nzima, naye alikuwa na magauni ya harusi. Akatia kumi na moja. Akachelewa siku nne, kama kawaida yake.

Pazia likaja, bomba hakuna. Wakalipitisha kwenye kamba. Ringi zote zikateleza, zikakutana katikati kama watu waliosikia ugomvi. Benchi zima likapiga makofi.

Bi Saumu, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa ameshaona kila kitu, maana hakuna kinachompita. Aling'oa bomba la dirisha lake, akaja nalo begani.

"Chukua, mwanangu."

"Na kwako, mama?"

"Kwangu wakichungulia, watajuta wenyewe."

Pazia likapanda. Mwanamvua akakaa, akampakata mtoto. Mara sauti ikatoka benchini: "Mzazi, leo tunakuona nusu!"

Kweli, ukingo mmoja ulikuwa umegeukia chumbani, ukaacha upenyo wa kiganja kizima. Mwanamvua akalia. Fundi Kombo akaitwa, akatazama, akasema, "Nilijua."

"Ulijua ukanyamaza?" Sikujua akamrukia.

"Wewe ulinipa nafasi ya kusema?"

Ringi dukani zilikuwa zimekwisha. Fundi Kombo akarudi kibandani, akabandua ringi moja kwenye pazia ambalo wateja hujifichia wakijaribu nguo. Akaja nayo, akaipachika. Ya kumi na mbili. Pazia likafunga huku, likafunga na kule. Benchi likanyamaza. Siku hiyo Mwanamvua alinyonyesha akiwa amelielekea dirisha, akasinzia yeye kabla ya mtoto.

Sasa, mtaani kwao mtoto akitimiza arobaini hutolewa nje na mtu mmoja, anayechaguliwa na mama. Na watu waliamini kuwa mtoto hufuata tabia za huyo aliyemtoa.

Alasiri ya siku ya thelathini na tisa, wote watatu wakaja.

Sikujua akasema, "Bila kitambaa changu, mngetundika nini? Namtoa mimi."

Bi Saumu akasema, "Bila bomba langu, kitambaa chako kingekuwa tambara la kupigia deki. Namtoa mimi."

Fundi Kombo akasema, "Bila ringi yangu, mzazi angeonekana nusu mpaka leo. Wateja wangu sasa ndio wanaonekana nusu. Namtoa mimi."

Mwanamvua aliinamisha kichwa. Alimtazama Sikujua, mkarimu, lakini mdomo wake haupumziki hata akila. Alimtazama Bi Saumu, mwenye huruma, lakini anajua nani kapika nini mtaa wa pili. Alimtazama fundi Kombo, mwenye mikono ya ajabu, lakini hata kwenye harusi yake mwenyewe alichelewa.

"Nitawaambia kesho," akasema, kwa sauti ambayo mtoto tu aliisikia vizuri.

Asubuhi yake alimwogesha binti yake, akampaka mafuta, akamviringisha kwenye kanga mpya. Akafika mlangoni. Mikono sita ilikuwa imenyooshwa kumpokea. Alimweka mtoto mikononi mwa mmoja wao, na mikono minne ikabaki hewani.

Haya, ninyi mliokaa hapa mkisikiliza, msiangaliane: je, nani alistahili kumtoa?