Kikoi cha Fundi katika Chumba cha Eda

Hapo zamani, nilipokuwa mwembamba. Msicheke, uongo wa hadithi hii ni huo mmoja tu.

Hapo Pangani, mtaani kwetu, Mwanakheri alifiwa na mumewe, akawa ndani anakaa eda. Miezi minne na siku kumi, mwanamume asiye maharimu wake haingii chumbani humo. Mvua nayo haijui eda, ikamvujia kitandani. Mama mkwe wake, Bi Shekue, akaniita nizibe paa.

"Fundi, pita juu kwa juu. Ndani huingii, na macho yako yabaki kwenye makuti."

"Wallahi, Bi Shekue, hata kivuli changu hakitaingia."

Kivuli hakikuingia. Niliingia mimi. Makuti yaliachia, nikabaki nikining'inia kwenye boriti katikati ya chumba cha eda, chini yangu jiwe la kusagia. Mikono miwili imeshika boriti, na kikoi kinalegea, kinataka mkono wa tatu.

Nikalia: "Atakayeniokoa, mbuzi wangu wa maziwa ni wake."

Mwanakheri akajifunika shuka gubigubi, akaanza kusukuma kitanda kwa kupapasa. Kikagonga ukuta, kikagonga mlango.

"Kushoto, dada. Kushoto kwako, si kwangu."

Vidole vikaanza kuteleza. Bi Shekue akaja mbio kutoka uani, akanikumbatia miguu, akanibeba hivyo hivyo akihema.

Mke wangu Zaituni, maana tunakaa nyumba ya pili, akasikia sauti yangu akaja. Humo chumbani, yeye peke yake ndiye aliyehalalishiwa kunishika popote. Kwanza akacheka. Kisha akakifunga kikoi mafundo mawili, akarudi nyuma.

"Nishike basi, mke wangu."

"Umeshashikwa."

Kitanda kikafika, Bi Shekue akaachia, nikatua. Kitanda kikavunjika, mimi nikabaki mzima. Hapo ndipo lilipoanza la mbuzi.

Mwanakheri akasema ndani ya shuka: "Sikukuona, sikukugusa, na mfupa wako umevunjikia kitandani kwangu badala ya mwilini kwako. Mbuzi wangu."

Bi Shekue akasema: "Kitanda kingekukuta umeshapasuka. Mimi nimepita umri wa kuposwa, na roho ilikuwa hatarini. Dini haikunifunga mikono, nami nikabeba gunia la chumvi. Mbuzi wangu."

Zaituni akasema: "Mifupa huungwa. Kikoi kingeanguka mbele ya mjane na mkwewe, leo tungehama mji. Tena huyo mbuzi namkamua mimi."

Nikakimbilia kwa shehe. Akaniuliza moja tu: "Hodi ulipiga?"

"Nilipiga, shehe. Kwa kiuno."

Akajifunika kilemba usoni, mabega yakitikisika. Hukumu sikupata.

Basi mbuzi yule pale, amefungwa, na mimi sistahili hata unyoya wake. Haya, nyinyi ambao hamjawahi kuingia nyumba ya mtu kwa paa, semeni: kamba nimkabidhi nani? Aliyeniokoa bila kuniona, aliyenishika kwa dharura, au aliyekuwa na ruhusa yote akachagua kikoi?