Kona Tupu ya Popo

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walijenga baraza. Kuta nyeupe, paa refu. Kiboko, mkubwa wao, akatangaza: "Atakayetuchorea ukutani kilindi cha bahari na mbingu za mbali, atakaa humu darini daima."

Popo akasikia. Popo hakuwa na kwao. Ndege walimfukuza, eti ana meno. Panya walimfukuza, eti ana mabawa. Akaruka, puru puru puru, hadi pwani. Akamwuliza Pweza, "Huko chini kabisa kuna nini?"

"Giza," akasema Pweza, "na samaki wanaowaka kama taa. Zaidi ya hapo sijafika, ndugu yangu."

Popo akaruka juu, puru puru puru, mpaka mabawa yakamuuma. Akaona giza, na nyota zinawaka. Zaidi ya hapo hakufika.

Akarudi, akachora kwa mkaa siku tatu. Lakini Popo mnamjua, hafanyi kazi bila kuning'inia. Akachora kichwa chini, miguu juu.

Wanyama wakaja kutazama. Kwa kwa kwa! Kasuku alicheka mpaka akadondosha unyoya. "Bahari iko juu, nyota ziko chini! Na kona ile mbona tupu? Mkaa umekwisha?"

"Futa, uende zako," akasema Kiboko.

Popo akalia. Machozi yakamtiririkia kwenye paji la uso, maana bado alikuwa ananing'inia. "Mzee, tazama kwanza kama nilivyotazama mimi."

Kiboko akaguna. Akalala chali, puu! Miguu minne hewani. Msicheke, mkubwa wa watu yule. Akatazama. Giza huku, giza kule. Taa huku, taa kule.

"Kasuku," akaita, "ile ni nyota au samaki?"

"Samaki."

"Mimi naona nyota. Wewe umewahi kufika?"

Kasuku, msemaji wa siku zote, akainama kuokota unyoya wake.

"Na ile kona tupu?" Kiboko akauliza, sauti imeshuka.

"Pale sijui pana nini, mzee," akasema Popo. "Sikutaka kukudanganya."

"Basi usifute. Kaa humu mpaka ujue."

Mpaka leo Popo yumo darini. Kila jioni hutoka kwenda kutazama, na kona bado tupu.

Basi, wakubwa kwa wadogo, msimcheke anayetafuta msichokijua nyinyi wenyewe. Na wewe unayetafuta, useme ukweli pale ulipoishia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kona iliyobaki ni yenu.