Kiko cha Babu

"Kiko cha babu, kifua cha mjukuu." Mmeisikia methali hiyo leo kisimani mkacheka. Haichekeshi hata kidogo. Kaeni niwaambie ilikotoka.

Kalunde aliolewa katika ukoo wa wakulima wa tumbaku. Binti yake Nyamizi alipotimiza miezi minne, akaanza kukohoa. Katika ukoo ule, mtoto akikohoa husemwa amepigwa jicho la hasidi, na dawa yake ni moshi wa mkubwa wa nyumba. Basi baba mkwe, Mzee Msabila, akampakata mjukuu, akawasha kiko, akampulizia utosini. Mtoto akazidi kukohoa. Mzee akaongeza tumbaku. Hebu nielezeni akili hiyo! Mtu anamwagia moto mafuta ya taa, kisha anashangaa hauzimiki.

Kalunde aliyaona hayo kila siku akanyamaza, maana mkwe hajibiwi. Hasira aliimeza pamoja na ugali. Siku midomo ya mtoto ilipogeuka rangi, alimfunga mgongoni akaenda zahanati kwa miguu. Nesi hakumficha. "Dawa nakupa, mama. Lakini moshi usipotoka ndani, mtoto huyu utamzika."

Aliporudi, alimkuta mzee ameketi chumbani, kiko kinawaka, anamsubiri mgonjwa wake. Kalunde akampokonya kile kiko, akakitupa uani.

Kumpokonya mkwe kiko! Wazee wa ukoo wakaitwa siku hiyo hiyo.

"Umemvunjia baba yako heshima," alisema mkubwa wao, Mzee Kasanda. "Piga magoti uombe radhi."

Kalunde akapiga magoti, lakini radhi hakuomba. Alimlaza Nyamizi mapajani mwa Kasanda. "Weka sikio hapa kifuani, baba, ndipo unihukumu."

Kasanda akainama. Kifua kile kidogo kilikuwa kikilia kama bawaba yenye kutu. Mzee hakuinua kichwa upesi.

"Kiko ni changu!" Msabila akafoka. "Na nyumba ni yangu. Nani wa kunizuia?"

"Kiko ni chako, baba," Kalunde akasema. "Na kifua je? Kifua ni cha mjukuu wako, na hana kingine!"

Kasanda akamrudishia Kalunde mwanawe, akasema hakuna radhi ya kuombwa hapo.

Tangu hapo Msabila alivutia shambani, jua liwake, mvua inyeshe. Nyamizi alipona, lakini nusu. Wenzake walipokimbizana, yeye aliketi kando akitafuta pumzi, na hakuna aliyeweza kumrudishia kile alichonyang'anywa akiwa mchanga.

Na hadi leo wapo wanaovuta na mtoto mapajani. Ukiwaambia, wanakujibu, "Navuta changu, kinakuhusu nini?" Watu hao msiwabembeleze, na msiogope mvi zao. Waambieni usoni: kiko cha babu, kifua cha mjukuu.