Mkono Ndani ya Tuta

Nyie mna vituko. Ustadhi mnaye, kasoma mpaka magoti yameota sugu, halafu mnakuja kuniamsha mimi nilipojilaza na funga yangu: "Bibi, tupe mfano." Mfano wa kazi gani? Mkiupata mnalia, mkifika hapo mlangoni kila mmoja kavaa viatu vya mwenzake. Haya, kaeni. Wewe wa nyuma, mpe mtoto ziwa anyamaze.

Alikuwako mwanamke mmoja, mke wa watu, mpishi hasa. Sifa yake ilikuwa viazi vitamu vya nazi. Siku ya Idi, watu wakitoka kuswali walipita kwake makusudi, wanajifanya wameulizia hali za watoto, kumbe wamefuata sufuria. Viazi laini lakini havijavunjika, tui zito limelala juu, iliki inakuita ukiwa bado njiani.

Mwaka huo fukusi, wale wadudu wa viazi, wakaingia shambani kwake. Akichimba kiazi kinanuka, ndani vitundu vyeusi vitupu. Sokoni navyo hivyo hivyo, fukusi hana mpaka. Na mwaka huo huo mama mkwe akatuma salamu: Idi nakuja kula kwako. Mama mkwe huyo ndiye aliyesema siku ya harusi, mbele za watu, "Mwanangu kaoa sura, jiko sijaliona." Mnaelewa sasa? Kwake ile haikuwa sahani ya viazi. Ilikuwa heshima yake yote katika nyumba ile.

Jirani yake alikuwa kikongwe kipofu, anaishi peke yake, ana matuta matatu ya viazi nyuma ya nyumba. Fukusi hawakuyagusa. Mbona basi hakwenda kupiga hodi akaomba? Aibu! Mpishi mkubwa kama yeye akaombe viazi kwa kipofu? Ndivyo tulivyo. Kuomba tunaona haya, kuiba tunaona ujanja.

Siku ya mwisho ya mfungo, adhuhuri, jua limesimama, kijiji kizima kimelala na njaa yake, akachukua kikapu akazunguka nyuma kwa kikongwe. Hakung'oa. Alichokoa, na kuchokoa mnakujua: unapitisha mkono ubavuni mwa tuta, unatoa kiazi, unaziba tundu, majani juu yanabaki mabichi kama hajafika mtu. Na alikuwa amefunga, nisikilizeni vizuri. Mate yakimjaa anageuka pembeni anatema, saumu isije ikaharibika. Mkono umo ndani ya tuta la mtu.

Akapapasa, akagusa kiazi, akakivuta, kikaja. Akarudisha mkono. Akagusa kingine, lakini hiki kilikuwa na vidole.

Akachungulia. Upande wa pili wa tuta hapakuwa na mtu. Majani yametulia, hata kuku hasikiki. Na mle chini vidole vimemshika, vya baridi, ngozi yake imelegea kama ya mtu mzima sana. Havikumvuta. Vilimfungua kiganja polepole, vikamwekea kiazi.

Nyie mngekimbia? Acheni uongo. Alitoa mkono akakitazama: kikubwa, chekundu, hakina hata kovu. Akatazama kikapu, bado. Akamfikiria mama mkwe. Akarudisha mkono.

Akapewa. Akarudisha tena, akapewa. Kila mara vile vidole vilikawia zaidi kabla ya kumwachia, kama vinamngoja aseme neno. Hakusema. Kikapu kilipojaa akaziba tundu, akalipiga kwa kiganja likasawazika, akaenda zake.

Alfajiri ya Idi akakuna nazi, akachuja tui, akapika. Havijapata kuwa vizuri kama siku ile. Sahani zikatoka, huku moja, kule moja, kila jirani akapata. Mlango mmoja akauruka. Kikongwe alikuwa kibarazani kwake, kajifunga khanga mpya, uso kauelekeza kwenye harufu, anangoja. Mwanamke akapita kwa kunyata na sahani mkononi. Alijua ulimi wa yule bibi ungekitambua kiazi chake.

Mama mkwe akafika, akaketi jamvini na wageni, akamega, akala, akafumba macho.

"Mh! Kumbe mkono unao, mwanangu."

Maneno aliyoyangoja miaka! Hata hayajamshuka vizuri, mama mkwe akaongeza, "Na yule bibi nimempita hapo nje, mmempelekea? Mbona huniangalii? Mpelekee mwenyewe. Idi gani hiyo ya kumruka kipofu?"

Akachukua sahani, akaenda.

"Hodi, bibi. Shikamoo. Mkono wa Idi huu."

"Marahaba."

Kikongwe hakupokea sahani. Aliukamata mkono ulioibeba, akaupapasa kidole kwa kidole. Vidole vya baridi. Mwanamke akavijua.

"Ndio huu," kikongwe akasema. "Jana adhuhuri nililala, nikaota mtu ananipapasa mkono udongoni. Nikasema huyu ana shida, na haya anayo. Nikampa. Nikawa nampa, nangoja aseme, 'Bibi, ni mimi.' Hakusema. Nilipoamka kucha zimejaa udongo. Nimetawadha, nimetawadha, hautoki. Tazama."

Akanyoosha mkono wa pili. Udongo umo.

"Nisamehe, bibi."

"Hapa tuko wawili tu. Uliingia kimya kimya, na msamaha nao unautaka kimya kimya?"

Sasa sisi. Mwezi unaisha huu, kila mmoja hapa anajisifu hakuangusha hata siku moja. Tumbo limefunga, je, mkono nao umefunga? Majani yetu juu mabichi, nayaona, mmependeza. Nikipitisha mkono ubavuni mwako wewe, nitakuta kiazi au nitakuta tundu lililozibwa? Usimtazame jirani yako, nasema na wewe. Mwenyezi Mungu anatuwekea kiganjani, leo anatupa, kesho anatupa, na anakawia kidogo kutuachia, anangoja tuseme neno moja. Sisi tunahesabu kikapu kimejaa au bado. Tukishiba tunaziba tundu. Halafu tunamruka nani? Yule yule tuliyekula chake.

Naona macho yenu, mnataka kujua alilipa nini. Si viazi, viazi vilishaliwa. Kikongwe aliushika mkono ule ule, hakuuachia njia nzima, akaongozana naye mpaka jamvini, wageni wamekaa, vinywa vinatafuna. Hapo ndipo akamwachia. Na mwanamke akasema, kwa sauti ya kusikika hata na waliokuwa uani, "Mama, viazi hivi nimeviiba kwa bibi huyu."

Mama mkwe akakinga kiganja, akakitema kiazi.