Bi Pimbi na Maji ya Kigeni

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Sema mwenyewe!

Pakawa bwawa: mmoja akalala ndani, wengine wakaramba tope. Sogeeni karibu. Anayesinzia akae nyuma, asije akaniangukia. Uwongo ukiwafikia, mezeni. Ukweli ukiwafikia, tafuneni polepole, una miiba.

Basi hapo kale, juu kabisa, palikuwa na mlima wa mawe ukiitwa Majabali. Huko ndiko alikozaliwa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Umbo la sungura aliyenyimwa masikio. Mkia hana, pembe hana, mbio hana. Alichopewa ni kinywa.

Siku moja nzige wakaingia Majabali. Vuuuu! Wakala majani, wakala vichipukizi, wakaondoka. Chini ya mawe chemchemi ziliendelea kutiririka, lakini maji hayatafunwi, na watoto wawili wa Bi Pimbi walilia njaa mpaka sauti zikawakauka.

Mama yake Bi Pimbi alikuwa mzee, miguu imekwisha. Akamwambia, "Wabebe watoto, mwanangu. Shuka bondeni."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nitatafuna magome. Mzee hali kingi. Nenda, tena usigeuke. Ukigeuka nitalia, nikilia utarudi."

Bi Pimbi akaenda. Akafika kwenye kona ya njia, akageuka. Mama yake alikuwa ameshampa mgongo.

Akashuka, akashuka, akashuka, mpaka akafika Bondeni. Hakuwa peke yake. Wenye njaa wa kila upande walikuwa wakishuka: kindi, digidigi, kobe na wake zake. Wakapiga hodi, wakajibanza pembeni.

Sasa Bondeni kulikuwa na mkubwa wao, Kiboko. Mto ulitoka mlimani chururu, chururu, ukaingia kwenye bwawa la Kiboko, ukakomea hapo hapo, maana Kiboko alikuwa amejenga tuta la udongo kuuzuia. Pembeni ya bwawa nyasi zilikuwa mbichi, ndefu, laini. Za nani? Za Kiboko. Nje ya tuta ardhi ilikuwa vumbi na mashina makavu. Ya nani? Ya wananchi.

Bi Pimbi akapata kichuguu kilichohamwa, akaingia na wanawe. Jirani yake alikuwa Ngiri, mzaliwa wa Bondeni, mbavu nje, watoto wengi, hasira nyingi.

Kila asubuhi Bi Pimbi alikwenda pale mto unapotokea mlimani. Aliinama, akanywa, akayauliza maji:

"Maji mtokao juu, mama yangu hajambo?"

Maji: chururu, chururu.

"Anakula? Analala?"

Chururu, chururu.

Alijua maji yale yamepita chini ya jiwe alilokalia mama yake. Basi aliyaweka mdomoni kitambo kabla ya kuyameza.

Siku ya baraza ikafika. Ngiri akasimama mbele ya bwawa.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba." Kiboko alikuwa anatafuna. Kwachu, kwachu, kwachu.

"Bwana Mkubwa, watoto wangu wanakufa njaa."

"Nani kala nyasi zako?"

Ngiri akazitazama nyasi za bwawani. Akautazama mdomo wa Kiboko, majani yakining'inia kushoto na kulia. Kiboko akapiga mwayo, meno yakaonekana yote. Ngiri akatazama chini.

"Sijui, Bwana Mkubwa."

"Mimi najua. Wageni! Zamani mlikuwa wanene. Wamekuja wageni, mmekonda."

Nungunungu, mzaliwa wa Bondeni naye, akainua mkono. "Samahani, Bwana Mkubwa. Mimi nilikonda kabla hawajaja."

"Ulikonda kwa kujua kwamba watakuja!"

Wanyama wakatazamana. Maneno yalikuwa na ladha. Mwenye njaa akipewa jina la adui, hushiba kwa muda.

"Bonde la nani?" akanguruma Kiboko.

"Letu!"

"Nyasi za nani?"

"Zetu!"

Ngiri alipiga kelele kuliko wote, mpaka mate yakamkauka. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye kichuguu cha Bi Pimbi, akakipiga teke. Puu!

"Toka! Wewe ndiye unayekula chakula cha watoto wangu!"

Bi Pimbi akatoka. "Karibu, kaka. Ndiyo kwanza nimeepua."

Akamletea kibakuli. Ndani mlikuwa na majani ya mti wa miiba, meusi, machungu. Ngiri akaonja. Tuh!

"Hiki ndicho nilichokuibia, kaka Ngiri. Ukikitaka, chukua chote."

Ngiri akafuta mdomo. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini haikujua tena ikae wapi.

"Hata hivyo," akasema, "hapa si kwenu."

"Najua. Unadhani sijui? Kila nikifumbua macho naona paa la udongo, nami nilizoea jiwe. Huhitaji kunikumbusha, kaka. Nakumbuka bila msaada."

Ngiri akageuka. Akaondoka bila kuaga.

Baraza la pili, Kiboko akatangaza sheria. Wageni wote watoke, na atakayeficha mgeni atoke naye. Digidigi akaanza kulia. Kobe akaingia ndani ya gamba lake, wake zake wakabaki wanagonga.

Bi Pimbi akapita katikati ya miguu ya watu, akasimama mbele.

"Bwana Mkubwa, shikamoo. Sheria nzuri hii. Mimi nitafunga mzigo wangu. Lakini nina wasiwasi."

"Wasiwasi gani, kadudu wewe?"

"Naogopa utaona huruma. Wewe una moyo laini, dunia nzima inajua. Utafukuza sisi wadogo, halafu mgeni mkubwa utamwacha, na wananchi wako watanung'unika."

Kiboko akavimba. "Mimi? Huruma? Simwachi hata mmoja!"

"Hata awe mkubwa?"

"Hata awe mkubwa!"

"Hata awe rafiki yako?"

"Hata awe rafiki yangu!"

"Hata awe analala nyumbani kwako?"

"Hata akilala kifuani pangu! Asiyezaliwa Bondeni, na atoke! Naapa kwa kaburi la babu!"

"Umeapa?" wakauliza wanyama.

"Nimeapa!"

Bi Pimbi akageuka, akawatazama wote. "Basi, jamani, tuanze na mkubwa wao. Maji ya bwawa hili yamezaliwa wapi?"

Nungunungu akasema polepole, "Yanatoka Majabali."

"Yamezaliwa Majabali. Yameingia bila hodi. Yamekalia sehemu nzuri kuliko zote, tena yanalala na Bwana Mkubwa mwenyewe. Nani mgeni kuliko haya?"

Kiboko akacheka. Hohohohoo! Tumbo likatikisika, mawimbi yakapiga tuta.

"Haya, yafukuze! Yashike mkono, uyatoe! Maji yana miguu?"

"Hayana, Bwana Mkubwa. Tutajaribu tu, kwa kutii sheria."

Kiboko akacheka tena, akala nyasi, akajitumbukiza. Chubwi! Akalala, matundu ya pua yakibaki juu.

Bi Pimbi akamwendea Ngiri. "Kaka, mimi nina kinywa tu. Wewe una pua ya kuchimba."

"Unataka nichimbe nini?"

"Tuta. Maji ya kigeni yanatakiwa yatoke. Na ili yatoke, lazima yapite kwenye shamba lako. Hakuna njia nyingine."

Ngiri akalitazama tuta. Akalitazama shamba lake, vumbi tupu mpaka kwa Nungunungu, na kwa Nungunungu vumbi tupu mpaka mwisho wa macho. Akamtazama Bi Pimbi kwa muda mrefu. Halafu akainamisha kichwa. Fuku! Fuku! Fuku!

Mkewe akaja: fuku, fuku. Watoto wake wakaja: fuku fuku fuku. Nungunungu akatoa udongo, digidigi akausukuma kwa kwato, kobe akaburuta mawe. Mzaliwa akimpokea mgeni, mgeni akimpokea mzaliwa, jua likiwachoma sawasawa.

Jua lilipofika utosini, tuta likatoboka.

Gwa-gwa-gwa-gwa-gwaaa!

Maji yakatoka, yakajichimbia mfereji. Yakaingia kwa Ngiri, vumbi likanywa. Yakaenda kwa Nungunungu, vumbi likanywa. Yakasambaa, yakameremeta. Watoto wa Ngiri na watoto wa Bi Pimbi wakaingia humo pamoja, wakapakana matope mpaka mama zao wakashindwa kuwatambua.

Kiboko akaamka kwa kuungua mgongo. Akajigeuza: tope. Akajigeuza tena: tope. Ngozi ya kiboko haivumilii jua. Ikaanza kupasuka pasuka kama chungu kibichi.

"Nani kafungua maji yangu?"

"Yako tena, Bwana Mkubwa?" akauliza Bi Pimbi. "Hayo wageni. Tunayasindikiza."

"Yarudisheni!"

"Umeapa!" wakasema wanyama wote.

"Basi maji yabaki! Nayasamehe maji!"

"Maji peke yake? Sheria ilisema wote."

Kiboko akatazama huku, akatazama kule. Jua halikuwa na upande. "Basi wabaki wote! Maji yabaki, pimbi wabaki, makobe wabaki! Sasa zibeni huo mfereji!"

Ngiri akainua kichwa. Pua imejaa udongo, macho mekundu. Kwa mara ya kwanza hakuyaangusha mbele ya yale meno.

"Bwana Mkubwa," akasema, "mgeni akishakaribishwa, huchagua mwenyewe pa kulala."

Mfereji haukuzibwa. Kiboko akanyanyuka, akaufuata mfereji kwa miguu, ngozi ikimwaka, mpaka akafika maji yalipotuama, chini kwenye mashamba ya watu. Akajitumbukiza. Yakamfika tumboni. Na kwa mara ya kwanza akasema neno ambalo hakuwahi kulisema: "Hodi."

Nyasi zikaota. Ngiri akanenepa. Miaka ikapita.

Siku moja kunguru akaleta habari: Majabali majani yamerudi. Bi Pimbi alikuwa anasuka mkeka, ukamponyoka. Akawaita wanawe, wakubwa sasa.

"Tunarudi kwetu!"

"Kwetu wapi, mama?"

"Majabali."

Wakacheka, si kwa ubaya. "Mama, kwetu si hapa? Nenda ukasalimie. Sisi tutakungoja."

Bi Pimbi akaenda peke yake. Akapanda, akapanda, akapanda. Akamkuta mama yake hai, amekaa juu ya jiwe lake, macho yamefifia.

"Hodi."

"Karibu, mgeni. Unatoka wapi?"

"Mama, ni mimi."

Yule mzee akamnusa uso. Akamnusa mikono. Wakalia, wakalia mpaka wakacheka.

Lakini mama yake akampangusia mahali pa kukaa, pazuri, pembeni. Akamtolea majani laini yaliyowekwa kwa ajili ya wageni. "Kula, usione haya. Mbona unasema kama watu wa chini?" Ndugu wakaja kumtazama, wakamsalimu kwa adabu, wakamwuliza habari za safari. Watoto wao walijificha nyuma ya mama zao. Na shangazi yake mmoja, mtu mwema kabisa, akamwuliza, "Unaondoka lini?"

Bi Pimbi alikaa mpaka ukaandama mwezi mwingine. Akamwomba mama yake washuke pamoja. Mama akasema, "Jiwe nimwachie nani?" Bi Pimbi akashuka peke yake. Safari hii hakukatazwa kugeuka. Aligeuka mara nyingi.

Alipofika Bondeni, Ngiri alikuwa shambani, anafukua viazi mwitu. Bi Pimbi akakaa chini palepale, na vumbi lake la safari.

"Umefika kwenu?" akauliza Ngiri.

"Nimefika."

"Wamekupokeaje?"

"Vizuri sana. Wamenikaribisha, wamenipa chakula kizuri, wamenipa mahali pangu pa kukaa." Akatazama mlimani. "Kaka Ngiri, hivi mtu hukaribishwa kwao?"

Ngiri si mtu wa maneno, pua yake ndiyo hufikiri. Akachimba kidogo, fuku, akaacha. Akachimba tena, akaacha. Kisha akamsukuma Bi Pimbi kwa bega, kwa nguvu, hata akataka kuanguka.

"Sogea huko wewe! Umekalia kiazi changu."

Bi Pimbi akasogea. Akacheka huku machozi yanamtoka, akaanza kumsaidia kufukua.

Nami hapo nikawaacha, nikaja zangu. Walinipa kiazi kimoja cha njiani, nimekila, msinitazame mikono. Hadithi ikiwa tamu, ni ya kwetu. Ikiwa chungu, imeletwa na wageni.

Na funzo lake, watoto wazuri, ni hili: ukiwa na njaa, usimtazame aliyeshiba. Ana meno, atakuuma. Mtafute mgeni, yeye ni mdogo na yuko karibu, utampiga vizuri. Wageni ni wabaya, watoke wote. Ila kabla hamjawatoa, nileteeni maji ya kunywa, koo limenikauka. Wala msiniambie yametoka wapi.